Kudopi utando wa oksidi ya zinki kwa kobalti na kupima usumaku wake

Utando wako wa oksidi ya zinki uliodopiwa (yaani uliochanganywa kobalti kidogo) ukionyesha usumaku katika joto la chumba, kishuku kwanza kibano ulichoushikia. Piga hesabu: utando wa mm 5 kwa mm 5, unene nanomita 200, wenye kobalti asilimia 5, una atomi za kobalti zipatazo 1×10¹⁶. Kila moja ikichangia magnetoni 0.1 ya Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi), jumla ni emu (kipimo cha usumaku wa sampuli nzima) 1×10⁻⁵ tu. Nanogramu 50 hivi za chuma hutoa kiasi hichohicho, yaani chembe ya mikromita 20 ambayo jicho halitaiona. Kwa hiyo vibano viwe vya plastiki au seramiki tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Mabamba
Tumia yakuti samawi yenye upana wa mm 10 na unene wa mm 0.5. Kioo cha kawaida kina chuma ndani yake, kitakuvuruga. Kwa kalamu ya almasi, kwaruza mstari wa kuvunjia upande wa nyuma sasa hivi, kabla ya kupaka, kisha osha bamba kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, maji safi na ethanoli. Asidi hiyo huwezi kuitumia baadaye, maana huyeyusha oksidi ya zinki. Tenga bamba moja tupu litakalopitia hatua zote bila kupakwa chochote.

Hatua ya 2: Myeyusho
Kwa ml 20 za molari 0.5 unahitaji milimoli 10 za metali kwa jumla. Pima asetati ya zinki (yenye maji mawili) na asetati ya kobalti (yenye maji manne) hivi:

asilimia 0: zinki g 2.195
asilimia 2: zinki g 2.151, kobalti g 0.050
asilimia 5: zinki g 2.085, kobalti g 0.125
asilimia 10: zinki g 1.976, kobalti g 0.249

Yeyusha katika ml 15 za 2-methoksiethanoli, dondoshea ml 0.60 za monoethanolamini, koroga kwa saa 2 katika nyuzi 60, acha ipoe, kisha jazia hadi ml 20. Acha itulie saa 24 na uichuje. Ikiwa na ukungu, mara nyingi amini haikutosha. Kikorogeo cha sumaku kilichochubuka kitupe: chuma chake huingia moja kwa moja kwenye myeyusho. Methoksiethanoli hudhuru uzazi, basi kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Hatua ya 3: Kupaka na kuoka
Zungusha bamba lenye matone ya myeyusho kwa mizunguko 3000 kwa dakika, sekunde 30, kausha katika nyuzi 300 kwa dakika 10, rudia tabaka kama 10. Mwisho oka hewani kwa saa 1 katika nyuzi 500, ukipandisha joto nyuzi 5 kwa dakika. Ukiharakisha utando hupasuka. Pima unene halisi, usiukadirie.

Hatua ya 4: Kobalti imekaa wapi?
Ukipima mtawanyiko wa eksirei zitokanazo na shaba, kilele cha pembe ya nyuzi 34.4 ni cha oksidi ya zinki. Ukiona kingine karibu na 44.2, hiyo ni kobalti ya metali. Kukosekana kwake hakukuhakikishii kitu, kwa kuwa vichembe vya nanomita chache havionekani kwa njia hii. Kipimo cha mwanga husaidia zaidi: ioni ya Co²⁺ iliyochukua nafasi ya zinki hufyonza mwanga karibu na nanomita 568, 615 na 660.

Hatua ya 5: Kupima
Vunja bamba kwa mkono wenye glovu, pima kwa SQUID (kifaa cha kupima usumaku mdogo sana) katika kelvini 300. Kipande cha yakuti cha mm 5 chenyewe hutoa takriban emu −1.8×10⁻⁴ katika tesla 1, mara 18 ya ishara unayoitafuta. Toa mteremko huo kwa kutumia bamba tupu. Kitanzi chembamba cha militesla chache kwenye mchoro wa usumaku dhidi ya uga (nguvu ya sumaku ya nje) nacho usikiamini: sumaku ya kipitishi kikuu (isiyo na ukinzani wa umeme) ya kifaa hicho hubakiza uga mdogo wa aina hiyo baada ya kushushwa.

Hatua ya 6: Kusoma matokeo
Tando zilizookwa hewani mara nyingi huwa za paramagneti tu (yaani huvutwa na uga lakini hazibaki na usumaku ukiondolewa), na hilo ni tokeo halali. Usumaku kwa kila kobalti hupungua dozi ya kobalti ikipanda, kwani kobalti mbili zinazopakana kupitia oksijeni moja huelekezana kinyume. Kila zinki ina majirani 12 wa zinki. Kobalti zikisambaa kinasibu, asilimia 54 huwa peke yake, bila jirani wa kobalti, kwenye dozi ya asilimia 5, lakini 28 tu kwenye dozi ya asilimia 10.

Ili kuona athari ya mapengo ya oksijeni (nafasi zilizokosa atomi ya oksijeni), oka nusu ya sampuli, pamoja na ile isiyo na kobalti, kwenye ombwe katika nyuzi 500. Modeli ya Coey na wenzake ya mwaka 2005 inasema elektroni za kasoro hizo ndizo zinazounganisha spini (sumaku ndogondogo) za kobalti. Tatizo ni kwamba ombwe hilohilo linaweza kuigeuza kobalti kuwa metali. Linganisha mkunjo wa usumaku dhidi ya joto baada ya kupoza bila uga na ule wa baada ya kupoza ndani ya uga: ikiachana chini ya joto fulani, vichembe vya metali ni washukiwa. Wengi huoka tena kwenye oksijeni, na usumaku ukitoweka husema mapengo yamethibitishwa. Sivyo, maana metali nayo huoksidika kwa njia hiyohiyo.