Somo: Barafu za kijiti za kahawa, chokoleti na viungo

Kabla hujawasha jiko, shika jambo moja: baridi huua ladha. Mchanganyiko ulioupenda ukiwa vuguvugu utakuwa chapwa ukishaganda. Kwa hiyo hapa kila kitu tunakizidisha. Sukari ipite ile ya chai yako, kahawa iwe kali kuliko unayoweza kuinywa kwa raha, na viungo vikupige puani.

Ndiyo maana kwa kazi hii nachagua Robusta. Najua wapenda kahawa wa mjini wataguna, kwao kahawa ni Arabika ya Mlima Elgon au ya Rwenzori, basi. Lakini ule uchungu wanaoulalamikia kikombeni ndio unaobaki ulimini barafu inapoyeyuka, wakati harufu laini za Arabika zinafunikwa na baridi. Tena Robusta ni ya kwetu hasa: ilimea yenyewe misituni huku kabla haijalimwa, na ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda. Ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika. Likumbuke hilo wakati wa kugawa.

Mahitaji (vijiti kama 10 vidogo)

Maziwa nusu lita, maji kikombe kimoja (mililita 250), kahawa ya kusaga vijiko 4 vya chakula, kakao vijiko 3, sukari vijiko 8, konfulawa kijiko 1, chumvi kidogo sana. Chokoleti nyeusi gramu 50 ukiipata. Viungo: kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 5, karafuu 2, tangawizi kipande cha kidole gumba, na pilipili kavu moja kwa wanaothubutu. Viungo nunua vizima, soko la Nakasero mjini Kampala vimejaa. Vya unga huacha mchanga mdomoni.

Kakao iwe ile kavu isiyo na sukari. Vile vinywaji vya kopo vyenye kimea na maziwa ya unga havifai hapa.

Hatua ya 1: maji ya viungo na kahawa

Ponda iliki na tangawizi, tia viungo vyote kwenye yale maji, funika, chemsha taratibu dakika 7 hivi. Usikimbilie kutia tangawizi mbichi ndani ya maziwa. Ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokivunja nguvu. Ikichemka kwenye maji kwanza, umesalimika.

Zima jiko. Sasa ndipo kahawa inaingia. Koroga mara moja, funika, iache dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi. Chujio la chai linapitisha mashapo, nayo yakiganda kwenye barafu utayatafuna. Kahawa ikichemshwa pamoja na viungo muda wote huo inatoa uchungu mbaya, wa kuungua, usiokuwa ule tunaoutaka.

Hatua ya 2: maziwa na kakao

Kwenye sufuria nyingine changanya kakao, sukari, konfulawa na chumvi zikiwa kavu. Tia maziwa baridi kidogo kidogo ukisugua na mwiko hadi upate rojo laini lisilo na madonge, ndipo umimine yaliyobaki. Kakao inaelea kama vumbi ukiimwaga juu ya maziwa mengi, na utakoroga mpaka mkono uchoke. Weka motoni, koroga bila kuacha. Ikianza kutoa mapovu mazito, ipe dakika moja zaidi ili konfulawa iive. Hiyo konfulawa inashika maji, barafu isiwe na chenga kubwa za kukwaruza meno.

Hatua ya 3

Epua, tia chokoleti iliyokatwakatwa, kisha ile kahawa. Onja. Ikikufanya ukunje uso kidogo kwa utamu na ukali, iko sawa. Ipooze kabisa ndani ya beseni la maji. Kitu cha moto kwenye friza kinalainisha hata nyama ya jirani yake.

Hatua ya 4

Mimina kwenye vikombe vidogo vya maziwa lala au bilauri za chuma, ukiacha nafasi juu kwa sababu barafu hufura. Baada ya saa moja na nusu hivi, kukiwa kumeanza kushika, chomeka vijiti. Vya mishikaki vinafaa ukikata ncha. Acha usiku kucha. Kutoa, tumbukiza kikombe kwenye maji ya bomba kwa sekunde chache na uvute polepole.

Maswali ya wanakikundi

*Mbale:* Dada, umetuonea sisi wa Elgon. Nina Arabika ya shambani kwetu, niitupe?

Usiitupe, ndugu yangu! Ongeza kijiko kimoja na nusu cha kahawa, punguza karafuu, maana karafuu inaimeza Arabika kabisa. Bado nasimama na Robusta.

*Gulu:* Umeme ukikatika usiku je?

Usifungue mlango wa friza. Friza iliyojaa hukaa na baridi yake hadi siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Kile kichumba cha juu cha friji ya kawaida hakifiki huko. Zikiyeyuka zikiwa bado baridi, piga kwa blenda ugandishe tena upya. Zikikutwa vuguvugu na hujui tangu saa ngapi, mwaga. Humo mna maziwa.

*Entebbe:* Zangu zilibaki laini, hazikuganda hata asubuhi. Niliongeza sukari na konyagi kidogo.

Umejijibu, shemeji. Sukari nyingi huzuia maji kuganda, na pombe ndiyo zaidi. Usipite vijiko 10 vya sukari. Konyagi kunywa pembeni.

*Arua:* Naweza kuwapa watoto?

Watengenezee zao bila kahawa: maji yaleyale ya viungo, kakao vijiko 4, na vanila. Vanila inalimwa Mukono na Kasese. Ukipata ganda lake, lipasue ulichemshe ndani ya maziwa. Pilipili waachie wakubwa.

*Bombo:* Hiyo pilipili nilitia, sikuisikia kabisa.

Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ihamishie kwenye maziwa wakati yanapashwa, maziwa yawe na malai yake, kisha itoe kabla ya kumimina. Na subiri kidogo ukiila: baridi inatangulia, ukali unakuja ukishameza.

*Jinja:* Friza yangu ina samaki na mukene (dagaa). Kuna ubaya?

Upo. Mafuta ya maziwa na kakao hunyonya harufu. Funika kila kikombe kwa foili, tumia foili hiyohiyo kushikilia kijiti kisimame wima, na vyote viweke ndani ya kopo lenye mfuniko. Mukene nao wafunge vizuri, hata kama hutengenezi barafu.