Kabla hujajaza stoo mahindi na unga

Bei ya mahindi ikishuka wakati wa mavuno, kila mtu anataka kujaza stoo. Jaza, ila sikiliza kwanza.

Mahindi yawe makavu kwelikweli. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, yarudishe juani, juu ya turubai. Unyevu huleta kuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya.

Pepeta. Toa punje zilizovunjika. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya unawajua mwenyewe.

Sasa magunia, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Jirani yangu mmoja, mama makini sana, alinunua mahindi Kibaigwa mwezi wa saba, makavu, yanalia kama kokoto. Akayapepeta vizuri, kisha akayatia kwenye magunia ya mwaka jana yaliyokuwa yamekunjwa nyuma ya mlango. Kwa macho yalikuwa safi. Mwezi wa kumi na moja akavuta gunia la chini, likaja jepesi, vumbi jeupe linamwagika pembeni. Dumuzi! Wengine humwita mdudu huyu skania. Asili yake Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alianza kusumbua huko Tabora. Huyu hutoboa hata mbao, kwa hiyo stoo ikiwa tupu hujibanza kwenye nguzo za kihenge, kwenye chaga na kwenye mishono ya gunia. Yale mahindi hata kuku waliyabagua.

Kwa hiyo chemsha magunia ya zamani, yaanike juani kutwa nzima. Kagua chaga; yenye vitundu ichome. Na usimwage mahindi mapya juu ya masalia, hata kama ni nusu debe.

Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inafaa, mradi mahindi yawe makavu. Kamua hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake. Wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa. Lakini ukiufungua kila siku kuchota, umetupa hela. Ya kula weka pembeni.

Dona saga kidogo kidogo, mafuta ya kiini huchacha. Sembe hustahimili zaidi. Unga wa ngano uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na uishe kabla hujaongeza mwingine.

Vidonge vya kufukiza nafaka usivitumie kabisa kwenye nyumba mnayolala, gesi yake inaua watu. Dawa ya kupimiwa kwenye karatasi mnadani usinunue. Yenye kibandiko isome: tarehe, kipimo, siku za kusubiri kabla ya kula. Watoto wasiiguse. Na magunia ya kawaida uyapitie kila wiki, uzamishe mkono hadi kati. Ukikuta joto, mwaga yote chini siku hiyohiyo uone kuna nini.