Kabla ya kuwasilisha, kaa kiti cha nyuma

Una wasilisho la kiufundi wiki hii? Fika mapema, washa projekta, kisha nenda kaketi kiti cha mwisho kabisa ukasome slaidi zako mwenyewe. Usipoweza kuzisoma wewe uliyeziandika, nani ataziweza?

Mimi nilijifunza kwa aibu. Ukumbi mmoja hapa Moshi, saa nne asubuhi, madirisha hayana mapazia, jua limejaa ukutani. Jedwali langu la vipimo vya maji ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba), safu 12, likawa ukungu mtupu. Mzee mmoja wa kamati ya mfereji akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, maji yanapotelea wapi?" Jibu lilikuwa safu ya tisa! Ningechora nguzo mbili tu za grafu, lita kwa sekunde pale banioni, maji yanapoingia mferejini, na lita kwa sekunde zinazofika shamba la mwisho, asingehitaji kuuliza.

Siku hizi naanza na hiyo picha moja. Jedwali zima nachapisha, nagawa baada ya mazungumzo. Ukiligawa mwanzoni watu wanainama kusoma na wewe unaongea na vichwa. Herufi pointi 28 kwenda juu, nyeusi kwenye nyeupe, maana ile bluu juu ya kijani inapendeza kwenye kompyuta yako tu.

Nakala ya PDF iwe kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya mwenyeji hubadilisha fonti na kuvuruga mpangilio. Na beba maka peni: umeme ukikatika, zile nguzo mbili unazichora kwenye bango kitita na kuendelea.