Akaunti tano za imeili kwenye laptopu moja, na kila barua itoke mlango wake

Mie nakaa hapa Mjini Unguja, si mbali na Darajani, na kazi yangu kubwa ni kujibu imeili za watu. Nina geshti moja ya Jambiani, nina ofisi ya ndugu zangu wanaopeleka wageni mashamba ya viungo Kizimbani, nina duka la vifaa vya ujenzi la ami yangu kule Wete, nina kamati ya skuli, na yangu mwenyewe ya Gmail. Zamani nilikuwa nafungua brauza tabu tano, natoka hii naingia hii, paswedi nimeziandika kwenye daftari, na bado nasahau moja mpaka siku ya tatu mgeni anapiga simu kauliza mbona kimya. Sasa zote ziko ndani ya Thunderbird, ni programu ya bure ya imeili ya Mozilla, toleo la 1.0 lilitoka 2004 na mpaka leo inatengenezwa, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Naandika jinsi nilivyoiseti mana watu wengi naona wanaweka akaunti zao vizuri upande wa kupokea halafu upande wa kutuma wanauacha hivohivo, na hapo ndo barua zinapopotea.

Kwanza jua hili, kila akaunti ina seva mbili, yani kompyuta za mtandaoni zinazoshughulika na barua zako. Moja ya kupokea, moja ya kutuma, na hazijuani. Ya kupokea ni IMAP au POP, ya kutuma ni SMTP. POP ni kama sanduku la posta, ukishachukua barua sanduku linabaki tupu na barua iko nyumbani kwako tu, isipokuwa programu iwe imesetiwa iache kopi kule. IMAP barua inakaa kwenye seva na wewe unaiona kwenye laptopu, kwenye simu, popote. Kwa kazi ya watu chagua IMAP, usibishane na mtu. Laptopu ikianguka chini leo, kesho unaseti nyingine na barua zote unazikuta.

Kabla hujafungua chochote chukua karatasi, uandike kila akaunti: anuani, yuzanemu (mara nyingi ni anuani yote nzima pamoja na et, yani @, na domeini, lile jina linalofuata baada yake), jina la seva ya IMAP, jina la seva ya SMTP, na namba za poti, yani namba programu inayopitia kuingia kwenye seva. IMAP poti 993 kwa SSL/TLS (hiyo na STARTTLS ni njia za kuficha barua isisomwe njiani). SMTP ni 587 kwa STARTTLS au 465 kwa SSL/TLS. Mtu akikwambia weka 25 mkatalie, hiyo ni ya seva kuzungumza zenyewe kwa zenyewe na mitandao mingi imeifunga. Gmail ni imap.gmail.com na smtp.gmail.com. Domeini za ofisi waulize waliokuuzia hostingi, yani kampuni inayokuwekea domeini na imeili zake, wakuandikie, usikisie.

Kuongeza akaunti kwenyewe hakuna shida, unaingia menyu, akaunti mpya, unaweka jina, anuani, inajitafutia yenyewe. Hilo jina ndo mgeni atakaloliona kwenye simu yake, kwa hiyo ya geshti andika jina la geshti, usiandike jina lako la mtaani. Gmail itakufungulia dirisha dogo uingie kama unavyoingia kwenye brauza, hiyo ndo OAuth2, iache hivohivo, na Outlook.com na Hotmail nao tangu 16 Septemba 2024 hawapokei tena paswedi peke yake, kwa hiyo kama laptopu ya zamani ilikuwa inafanya kazi halafu ghafla ikakataa, sababu inaweza kuwa hiyo, ingia kwenye seting za seva ubadilishe njia ya kuingilia iwe OAuth2. Domeini za hapa kwetu mara nyingi utaweka kwa mkono. Na ikitokea onyo kwamba cheti, yani kitambulisho cha seva, hakilingani na jina la seva usibonyeze kukubali haraka haraka, mara nyingi ni kwamba seva halisi ya hostingi ina jina jengine, waulize jina lenyewe uliweke hilo na onyo litaondoka.

Sasa hapa ndo nataka mtulie.

Mwaka jana mama mwenye geshti kanipigia, "Mwanangu, wale wageni wa Italia mbona kimya? Invoisi umeipeleka kweli?" Nikamwambia nimeipeleka mama, tangu Jumatatu. Na kweli nimeipeleka, iko kwenye Sent naiona kwa macho yangu. Mpaka wale wageni wenyewe wakaandika kwamba wamesubiri hawakuona kitu, wameshabuku kwengine, na baadae ndo wakaikuta kwenye spamu. Buking ya usiku nne imekwenda. Nilipochimba nikakuta akaunti ya geshti nimeiseti sawasawa upande wa kupokea, lakini kutuma ilikuwa inapitia seva ya duka la ami, mana ndo iliyokuwa ya kwanza na Thunderbird ilikuwa imeiweka kuwa ya default, yani inayotumika yenyewe usipochagua nyengine. Yani barua ina jina la Jambiani na imetoka mlango wa Wete. Nilimuomba radhi mama wa watu na bado inaniuma.

Sababu yake ni hii. Mwenye domeini anaandika kwenye DNS, ni daftari la mtandao la majina ya domeini, orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake, inaitwa SPF, na kuna nyengine inaitwa DKIM ambayo ni kama muhuri seva inaugonga kwenye kila barua. Barua ikitoka seva isiyokuwa kwenye orodha na haina muhuri, anayepokea ana haki ya kuitilia shaka, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi. Ukikosea mlango yatakupata mojawapo ya haya, ama seva inakataa palepale na unaona kosa jekundu, hiyo ndo nafuu mana unajua, ama inakwenda inaishia spamu, ama kama umepitia smtp.gmail.com basi Gmail inabadilisha anuani ya mtumaji inaweka ile ya Gmail yako na mgeni anaona invoisi ya hoteli imetoka kwa mtu asiyemjua.

Dawa yake dakika tano. Fungua "Account Settings", orodha ya kushoto shuka mpaka chini kabisa utaona "Outgoing Server". Hapo seva zote za kutuma zimekaa pamoja. Ifungue moja moja uipe maelezo yanayoeleweka, mie nimeandika GESHTI, VIUNGO, AMI, SKULI, GMAIL kwa herufi kubwa, hakikisha yuzanemu ya kila moja ni ya akaunti yake. Halafu rudi juu, bonyeza jina la kila akaunti, ule ukurasa wake wa mwanzo kule chini pana sehemu ya kuchagua seva ya kutuma, uilinganishe. Geshti kwa GESHTI, ami kwa AMI. Usiache hata moja kwenye default.

Ukimaliza usiamini, jaribu. Tuma barua moja kutoka kila akaunti kwenda kwenye Gmail yako, ya Gmail yenyewe itume kwa ya ami. Zile zilizofika Gmail zifungue kwenye brauza, bonyeza vidoti vitatu, chagua "Show original", juu utaona SPF na DKIM, na mbele yake neno PASS. Ikiandika FAIL na seva ni sahihi basi tatizo liko kwenye domeini, wapelekee hostingi ile picha ya skrini warekebishe wao.

Ukiwa na anuani mbili zinazoingia boksi moja, kwa mfano ya info na ya buking, usifungue akaunti mbili. Pale kwenye ukurasa wa akaunti pana "Manage Identities", ongeza ya pili na saini yake.

Asubuhi napenda kuweka "Unified Folders", inboksi zote tano zinakuwa moja, nasoma kwa mkupuo nikiwa na chai yangu. Lakini wakati wa kuandika barua mpya naingia kwenye folda ya akaunti husika kwanza, mana ukiandika ukiwa kwenye ile ya jumla inachukua akaunti ya default. Na kila barua, kabla ya kutuma, jicho kwenye From, pale panapoonyesha inatoka akaunti gani. Kila barua.

Bando nalo. Akaunti tano za IMAP zikianza kushusha barua za miaka yote kwa hotispoti ya simu, bando linakwisha kabla ya adhuhuri. Ingia "Synchronization & Storage", weka siku 30 za karibuni tu, na za zamani utazifungua moja moja ukizihitaji. Gmail ina folda ya All Mail ambayo ni kopi ya karibu kila kitu, bonyeza kulia kwenye akaunti, "Subscribe", uitoe tiki. Na picha za vyumba usitume nzima, kikomo cha Gmail ni MB 25 lakini kiambatanisho kinanenepa kwa kama thuluthi kikiwa njiani, kwa hiyo ukipita MB 18 unajitafutia kurudishiwa.

Umeme ukikatika na unatumia deskitopu isiyo na UPS, ile betri ya akiba, unaweza kukuta folda inaonyesha barua nusu au vichwa visivyolingana na vilivyomo. Usifute akaunti! Bonyeza kulia kwenye folda, "Properties", halafu "Repair Folder", inajipanga upya. Kopi ya profaili yote, yani folda yenye barua na seting zako, weka kwenye flashi kila baada ya muda, menyu ya Help kisha "Troubleshooting Information" itakuonyesha folda ilipo, ila funga Thunderbird kwanza ndo ukopi. Na kama laptopu ni ya ofisi na wanaigusa wengi weka "Primary Password", mana bila hiyo yeyote anaweza kufungua orodha ya paswedi zilizohifadhiwa akazisoma.

Hostingi wakikubadilishia paswedi, mfano akitoka mfanyakazi, zikumbuke zile seva mbili. Utaiweka ya kupokea, barua zitaingia kama kawaida na utadhani umemaliza, kumbe ya SMTP bado ni ile ya zamani. Ingia kwenye orodha ya paswedi zilizohifadhiwa, tafuta jina la seva ya kutuma, futa, halafu tuma barua moja ya majaribio uandike mpya itakapokuuliza.