Kabla ya Kuingia Portimão kwa Mara ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia kwa Mpanda Pikipiki

Uwanja wa mbio wa Algarve, nje kidogo ya mji wa Portimão kusini mwa Ureno, ulifunguliwa mwaka 2008. Una urefu wa kilomita 4.592 na kona 15: tisa za kulia, sita za kushoto. Mashindano ya MotoGP, ubingwa mkuu wa dunia wa mbio za pikipiki, yalifika hapo mara ya kwanza Novemba 2020, na aliyeshinda alikuwa Mreno mwenyewe, Miguel Oliveira. Mbali na siku za mashindano, uwanja hukodishwa kwa waandaaji wa siku za mazoezi. Unalipa, unaingia na pikipiki yako au ya kukodi, unaendesha bila taa za barabarani, bila malori na bila ng'ombe wanaovuka.

Kinachoutofautisha na viwanja vingi ni vilima. Lami inapanda na kushuka mfululizo, na mahali kadhaa unafika kileleni huku barabara ya mbele imepotea kabisa machoni. Unatakiwa uwe umeshaamua utakwenda wapi kabla ya kuona unakokwenda. Kwa mgeni hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko mwendo wenyewe, na maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yana kusudi moja: siku ukifika, akili yako isishughulike na breki, glovu wala karatasi, ibaki na kazi moja tu ya kuusoma uwanja.

Karatasi kwanza, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Bima ya kawaida ya pikipiki haihusu uwanja wa mbio, na bima nyingi za safari huondoa waziwazi michezo ya pikipiki na magari. Soma mkataba wako mstari kwa mstari, na ukikuta hujakingwa, tafuta bima ya ziada inayolipia matibabu na kurudishwa nyumbani. Kama unakodi pikipiki, uliza kwa maandishi ni kiasi gani utalipa ukiiangusha. Jibu la mdomoni halina maana siku fundi anapohesabu vipuri.

Kwenye fomu utaulizwa pia kundi lako. Kwa kawaida wapandaji hugawanywa makundi matatu: wanaoanza, wa kati na wenye kasi. Kila kundi huingia kwa zamu ya kama dakika 20, halafu linapisha. Wengi hujipandisha cheo hapa, na nadhani hilo linaumiza watu kuliko ubovu wa pikipiki. Hata kama nyumbani wewe ni wa kundi la kasi, Portimão hujaifahamu bado. Anzia chini ya kiwango chako. Kuhamishwa kwenda juu mchana ni jambo la kumwomba mwandaaji tu; kinachokuwa kigumu ni kutulia unapopitwa kila upande na watu wanaoujua uwanja kwa moyo.

Sasa pikipiki. Anza na breki, maana barabara ndefu ya mbele ya jukwaa ina karibu kilomita moja, na mwisho wake unashuka kuelekea kona ya kwanza. Unafunga breki ukiwa na mwendo wa juu kabisa wa siku nzima, huku mteremko ukikusukuma. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imesimama gerejini. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Leva uliyoizoea kuwa ngumu inalainika, kisha inaanza kukaribia mpini mzunguko baada ya mzunguko. Ukihisi hivyo, pampu mara mbili, punguza mwendo, inua mkono utoke. Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote na kutoa hewa siku chache kabla ya safari, na kuhakikisha pedi bado ni nene. Pedi inayotosha kwa miezi ya kwenda kazini inaweza kuisha kwa siku moja uwanjani.

Tairi zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Pikipiki ya michezo barabarani hutembea na upepo wa kama psi 36 mbele na 42 nyuma. Uwanjani tairi hupata joto kubwa, upepo wa ndani unapanda, na tairi iliyojaa kupita kiasi hugusa lami kwa eneo dogo. Kila mtengenezaji wa tairi ana jedwali lake la upepo wa uwanjani. Fuata hilo, usifuate namba ya jirani wa gereji ambaye ana tairi nyingine na uzito mwingine. Beba kipimo chako mwenyewe na upime mara tu unapotoka, tairi zikiwa bado za moto. Tairi mpya kabisa hazitaki kulazwa kwenye mizunguko ya mwanzo, kwa hiyo kama unazibadilisha, zitembeze kidogo nyumbani kabla.

Mengine yanakaguliwa haraka. Cheni isiwe imebana wala kulegea. Beringi za magurudumu na za usukani zisicheze. Oili isizidi alama. Boliti za kalipa na ekseli zikazwe kwa spana ya kipimo. Akseleta ukiiachia irudi yenyewe kwa kishindo, mpini ukiwa umekatwa kulia na ukiwa umekatwa kushoto. Mkaguzi akifika kwenye pikipiki yako, hilo ni moja ya mambo atakayoyajaribu kwa mkono wake. Toa sayti mira na namba, funika taa kwa utepe wa gundi ili vioo visitapakae ukianguka. Waandaaji wengine hutaka kulanti (kipozeo cha injini) yenye glaikoli imwagwe na maji yawekwe badala yake, kwa kuwa glaikoli ikimwagika kwenye lami inateleza na ni kazi kuisafisha. Kelele za ekzosi nazo hupimwa katika viwanja vingi vya Ulaya. Kiwango kinachoruhusiwa kiko kwenye barua ya mwandaaji, na ukikivuka hakuna anayekuonea huruma kwa sababu umetoka mbali.

Mavazi siyo mahali pa kubana matumizi. Suti ya ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyounganishwa kwa zipu kuzunguka kiuno chote. Kinga ya mgongo ndani yake. Glovu ndefu zinazofunika mkono wa suti, zenye mkanda wa kifundo, maana glovu ikichomoka wakati unateleza, kiganja ndicho kinachobaki kwenye lami. Buti ndefu. Helmeti ya kufunika uso wote, yenye alama ya ECE ya kiwango cha usalama, isiyowahi kupokea pigo hata kama kwa nje inang'aa. Kamera ya kubandika juu ya helmeti iache nyumbani, waandaaji wengi hawaikubali. Vaa kila kitu kwa pamoja kabla ya safari, kaa juu ya pikipiki, jikunje nyuma ya kioo, inua shingo utazame mbele. Suti ikivuta shingo chini hutaona mbali, na Portimão inamtaka anayeona mbali.

Kuujifunza uwanja ukiwa nyumbani kunasaidia sana, ila ujue mipaka yake. Tazama video zilizorekodiwa kutoka kwenye pikipiki huku ramani ya uwanja iko mkononi, ukitaja kila kona kwa namba yake. Kisha zima video uichore ramani kwa kichwa. Ukikwama baada ya kona ya 8, umeshajua wapi pa kurudia. Jambo moja tu video haiwezi kukupa, nalo ni mwinuko. Kamera hulainisha vilima, kiasi kwamba mteremko wa kona ya kwanza unaonekana kama tambarare. Kwa hiyo unachokitoa kwenye video ni mpangilio: kona gani inafuata gani, gia ya juu au ya chini, kulia au kushoto. Sehemu ya kuanzia breki usiinakili kutoka kwa mtu yeyote.

Kuhusu vile vilele, shika hili: pikipiki ikipita kileleni inakuwa nyepesi. Shokomzoba zinajinyoosha, tairi zinagandamiza lami kidogo, na mshiko unapungua kwa muda huo mfupi. Hata kwenye ile barabara ndefu kuna mgongo ambapo pikipiki yenye nguvu huinua gurudumu la mbele, mpini ukatikisika mkononi, kisha mara moja unatakiwa ushike breki kwa kona ya kwanza. Anayeng'ang'ania mpini kwa nguvu huzidisha mtikisiko. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, sogeza kifua mbele, na usiachie akseleta ghafla. Pale ambapo kilele kiko katikati ya kona, maliza kuielekeza pikipiki kabla hujafika juu, ili upite ikiwa imesimama zaidi kuliko ilivyolala.

Waliozoea barabara za Kenya, Tanzania au Uganda wana tabia moja ya kuiacha getini: kubana kushoto. Uwanjani lami yote ni yako, kutoka ukingo hadi ukingo, na anayeogopa upande wa kulia hulazimika kulaza pikipiki zaidi kwa mwendo uleule. Nimeona wapanda wazuri wakihangaika na hili asubuhi nzima kabla mwili haujakubali.

Algarve hupendwa hasa miezi ya baridi, wakati kaskazini mwa Ulaya kuna mvua na barafu. Jua linawaka mchana, lakini asubuhi lami ni baridi na mara nyingine ina umande kwenye vivuli. Kumbuka pia hesabu ya kona: za kulia ni nyingi, kwa hiyo upande wa kushoto wa tairi hupata joto polepole. Kona ya 5 inakata kushoto kwa ukali, na unaifikia muda mfupi baada ya kona za mwanzo za kulia. Katika mizunguko miwili mitatu ya kwanza ya kila zamu, ipite kwa heshima. Kona za kulia zimeshakuzoesha mshiko mzuri, na upande wa kushoto wa tairi haujafika huko bado.

Kikao cha maelekezo cha asubuhi kina majibu ya maswali ambayo hukujua unayo, kwa hiyo usifike ukiwa bado unavaa buti. Bendera zijue kabla hujafika. Njano ni hatari mbele: punguza, usipite mtu. Nyekundu ni zamu imesimamishwa: inua mkono, punguza taratibu bila kukanyaga breki kwa hofu, rudi piti, yaani eneo la magereji kando ya uwanja. Yenye mistari ya njano na nyekundu ni lami inayoteleza. Nyeusi ikielekezwa kwako, toka ukaongee na marshali (msimamizi wa usalama uwanjani). Ya miraba myeusi na myeupe ni mwisho wa zamu. Uliza sheria ya kupita katika kundi lako, ni upande gani na umbali gani. Popote, mzigo wa kupita salama uko kwa anayepita. Wewe unayepitwa shika mstari wako usigeuke kutazama nyuma. Ukitaka kutoka, inua mkono wa kushoto au nyoosha mguu mapema, kisha ubaki upande wa kuingilia piti.

Zamu ya kwanza iwe ya macho. Kama kuna mkufunzi, mfuate, na umwambie waziwazi kwamba ni mara yako ya kwanza. Chagua kitu kimoja kisichohama kwa kila kona: mwisho wa ukingo wenye rangi, ubao wa umbali, kibanda cha marshali. Kivuli si alama, saa sita kitakuwa kimehama. Anza breki mapema kuliko unavyoona inafaa, na uisogeze mbele kidogo kidogo katika zamu zinazofuata, kona moja kwa wakati mmoja. Ukikosea ukatoka nje ya lami, inyooshe pikipiki, tazama mbali, acha mwendo ufe wenyewe. Kulazimisha kurudi ndani ukiwa umelala kwenye changarawe ndiko kunakoangusha.

Mwili nao una akiba yake. Maji kila unapotoka, hata kama kuna baridi, kwani ndani ya ngozi unatoa jasho jingi. Chakula cha mchana kiwe chepesi. Mikono ikianza kufa ganzi, au ukigundua umeipita kona bila kukumbuka ulishikia breki wapi, toka. Zamu haijaisha lakini wewe umeisha. Ukianguka na kichwa kikagusa chini, daktari wa uwanja ndiye anayeamua kama unarudi, na helmeti hiyo haivaliwi tena. Zamu ya mwisho ya siku ni ya hiari kabisa. Jua la jioni liko chini, kila mtu amechoka, na wengi wanataka kuufukuza ule mzunguko bora wa mchana. Mimi huwashauri wageni wapakie vitu mapema.

Na kama unarudi hotelini kwa pikipiki hiyohiyo, kabla ya kugeuza funguo rudisha upepo wa barabarani kwenye tairi, funga sayti mira na namba, toa utepe kwenye taa, kagua pedi, na gusa kila boliti ya ekseli. Ureno wanaendesha kulia.