Lala Chini ya Gari Kwanza: Kununua Spoti ya Milango Miwili Mombasa

Mimi ni fundi wa bodi na rangi, Shimanzi. Injini nawaachia wenyewe. Lakini kijana akishanunua gari la milango miwili lililoinama kama paka anayevizia, haupiti muda litaletwa kwangu: bampa imekwaruzika, kizingiti cha chini ya mlango kimebonyea, rangi juu ya magurudumu ya nyuma imetoa mapovu. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia chini, wala si kwenye idadi ya farasi.

Ila kwanza ujue soko lilivyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Sasa piga hesabu. Toyota Celica ilikoma kutengenezwa 2006, Mazda RX-8 (hii ina na vijilango viwili vidogo vya nyuma) ikakoma 2012, Honda CR-Z ikafuata, na Volkswagen Scirocco ikaisha 2017. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayoshuka melini Kilindini tena. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ za miaka ya karibuni bado zaweza kuagizwa, lakini ukishalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, neno "nafuu" lishaondoka hapo. Kwa hivyo mwenye mfuko wa kawaida ananunua gari ambalo limeshaishi Kenya miaka kadhaa, na likiwa limeishi huku kwetu, limeishi na chumvi.

Namba nayo isikubabaishe. Inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa, haikwambii lilitengenezwa lini. Gari la 2005 liliweza kabisa kupewa namba mwaka 2012, na muuzaji akaliita "la juzi".

Kati ya gari hizo nilizozitaja, mimi ningemshauri mtu wa kwenda kazini kila siku atafute Celica ya mwisho, ile ya 1999 hadi 2006, yenye injini ya 1ZZ ya sisi (cc) 1,800. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Wish na Allion nyingi za zamani zinazopita hapa barabarani, basi vipuri vya injini havitakupa presha na kila mekanika ameshaifungua. Ubaya wake unajulikana: zile za mwanzo, hadi kama 2002, hunywa oili. CR-Z ni nzuri kwa petroli, ina injini ya 1,500 ikisaidiwa na mota ya umeme, lakini betri yake ya haibridi iko nyuma chini ya sakafu ya buti, na joto la pwani halina huruma na betri. Ukiwa unaiendesha ukaona kipimo cha betri kinaporomoka ghafla kisha kinapanda chenyewe, hiyo betri inaaga. Scirocco ya 1.4 inapendeza macho, ila giaboksi yake ya gia saba ina klachi kavu mbili ambazo hazipendi kusota kwenye foleni. Ipeleke Changamwe jioni wakati malori yamejipanga, uiache itambae. Ikistuka-stuka, mrudishie mwenyewe. RX-8 sitaki hata kuizungumza sana. Injini yake ya kuzunguka imeundwa ichome oili kidogo kidogo, na mwenye kusahau kuongeza anainunua injini mara mbili. Ukishindwa kujizuia, iendeshe mpaka ipate moto, izime, ngoja dakika kumi, uwashe tena. Ikihangaika kuwaka, msongo wa hewa ndani ya injini umekwisha.

Sasa tuje kwangu.

Vaa nguo za kuchafuka. Mwambie muuzaji unataka gari lipandishwe, na jeki peke yake usiiamini. Tafuta gereji yenye shimo au stendi. Ulale chini na tochi. Kutu ya Mombasa haianzi unapoiona. Inaanzia ndani ya vizingiti, kwenye maungio ya sakafu, na ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma ambako mchanga na unyevu hukaa pamoja. Gonga kwa kishikio cha bisibisi. Bati zima linalia kwa ukali. Bati lililoliwa linatoa sauti ya uvivu. Kisha fungua buti, nyanyua zulia, toa tairi ya akiba, tazama lile shimo lake. Fungua na boneti, kagua pale shokomzoba zinapofungwa juu. Kutu ya juu-juu tunasugua, tunapaka dawa, yanaisha. Kutu iliyotoboa hapo kwenye shokomzoba au kwenye chesi, usijadiliane bei. Nenda nyumbani.

Kuna swali moja wanunuzi hawalitumii: gari hili huoshwa wapi, na kwa maji gani? Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na wengi wanaoosha magari hutumia hayo hayo. Gari linang'aa juu kila Jumamosi, na chini linapigwa chumvi kwa mpira. Mbaya zaidi, wapo wanaojazia rejeta maji hayo. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta maji ya rangi ya chai badala ya dawa safi ya kupoza, njia za maji ndani zimeshaanza kuliwa na kuziba.

Rangi uitazame asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni, jua likiwa la ubavu. Saa sita mchana kila gari ni jipya. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa, uipitishe kwenye milango na matao. Pale isiposhika vizuri pana puti nene, ile dawa ya kujazia mibonyeo kabla ya rangi. Lakini usije ukamgombeza mtu bure: boneti ya 86 na ya RX-8 ni ya aluminiamu, sumaku haitashika hata kama ni ya kiwandani. Milango ya magari haya ni mirefu na mizito. Ufungue nusu, uushike kwenye ncha, unyanyue. Mlango ukicheza, bawaba zimechoka. Na vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: mstari wa matope huko ndani maana yake gari lilikunywa mafuriko, na Novemba 2023 mvua za El Niño zilijaza mitaa mingi hapa mjini.

Urefu kutoka chini ni jambo la pili. Toyota 86 ikitoka kiwandani ina kama milimita 130 tu chini yake. Vijana huipata hivyo na bado huikata springi. Gari la springi zilizokatwa kwa matumizi ya kila siku mimi siligusi, hata kwa bei ya kutupa: matuta ya Nyali tu yatakumaliza. Na kama unaishi Likoni au unaelekea Diani, kumbuka feri. Mteremko wa kuingilia hubadilika na maji, na yakipwa, pua ndefu husugua. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakupitisha bila feri, lakini kwa mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani huo ni mzunguko mrefu wa kuchoma petroli kila siku. Tazama chini ya bampa ya mbele. Mikwaruzo hapo ni kawaida, lakini sinia ya oili iliyobonyezwa si kawaida.

Kulijaribu, mwambie muuzaji tangu usiku asiliwashe kabla hujafika. Ukifika asubuhi, weka kiganja juu ya boneti; ikiwa na joto, kuna kitu kafichiwa mgeni. Liwashe huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili. Kisha ulirudie saa saba mchana: funga vioo, washa AC, pita daraja la Nyali kwenye foleni, macho yako yakiwa kwenye kipimo cha joto. AC inayopoza gari likiwa mwendoni tu na kulegea mkisimama itakutesa Machi yote. Na kaa kiti cha nyuma dakika chache kabla ya kuamua kwamba watoto watatosha humo kwenda madrasa.

Makaratasi ni mafupi ila hayana mzaha. Fanya sachi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: jina la mwenyewe, namba ya chesi, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyelishikilia gari. Namba ya injini uisome kwenye injini yenyewe, kwa sababu haya ndiyo magari yanayobadilishwa injini kwa kupenda. Rangi pia huandikwa kwenye logibuku, ile hati ya umiliki. Mimi napuliza rangi ninayoambiwa, lakini gari likiwa jekundu barabarani na la fedha kwenye logibuku, mwulizwaji ni wewe. Uhamisho wa umiliki muuzaji anauanzisha kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako, na pesa ya mwisho itoke mkikaa pamoja. Dalali akikwambia mwenyewe yuko ng'ambo, mngoje arudi.

Katika pesa uliyonayo, robo ibaki mfukoni. Bushi, tairi, dawa ya kupoza, breki na kupaka chini dawa ya kuzuia kutu vitaila bila kuchelewa. Bima nayo ulizia kabla hujalipia gari: kampuni nyingi hazipendi kukatia bima kamili gari lililozeeka, na zinazokubali hutaka lithaminiwe kwanza. Kama limebadilishwa injini, waambie mapema, kwa sababu siku ya ajali watafungua boneti wenyewe.