Somo: Lini unadi slemu, lini uishie gemu

Somo hili la briji ningelitoa mapema kama ningekuwa na busara, kabla sijakwenda Jinja mwezi uliopita na kuitia timu yangu hasara ya IMP 13 (pointi za kulinganisha meza mbili) kwa mkono mmoja wa karata. Kunadi ni kuahidi mizunguko mtakayokula kati ya 13: gemu ya shupaza ni nne, yaani mizunguko 10; slemu ndogo ni sita, yaani 12; slemu kuu ni saba, yaani yote. Wengi wenu mmetoka kwenye matatu, ule mchezo wa karata wa Uganda, na mnajua: ukikata kwa saba bila kuhesabu ulichoshika, umejikata mwenyewe. Huku ni vilevile.

Hatua ya 1: Jua bei. Kwenye mechi ya timu karata zilezile huchezwa meza mbili, kisha matokeo hulinganishwa. Mkiwa hatarini (zamu ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi), sita shupaza ikitimia ni 1,430. Meza ya pili wakiishia nne na kula mizunguko 12, wana 680. Tofauti ni 750, yaani IMP 13. Ikianguka kwa mzunguko mmoja, unalipa 100 na wao wanachukua 650. Tena 750, tena IMP 13. Msipokuwa hatarini ni 11 kwa 11. Maana yake slemu ndogo inataka nusu kwa nusu tu. Ikitegemea kumvizia mfalme mmoja (kutumaini yuko kwa mpinzani unayemtaka), nadi au acha, ni sawa. Ikibidi kuvizia mara mbili na zote zikubali, umebaki na asilimia 25. Acha.

Hatua ya 2: Hesabu mizunguko. Pointi 33 za karata kubwa, zako na za mwenzako, ni dira tu. Taja kwa kidole mizunguko 12 itatoka wapi.

Hatua ya 3: Tafuta tundu. Hapa ndipo nilipoumia. Nilishika mfalme, malkia, jeki, 8 na 4 za shupaza. Ree, mfalme na malkia wa kopa. 7 na 3 za uru. Mfalme, malkia na 6 za pau. Nikafungua shupaza moja, mwenzangu akapandisha hadi tatu. Mate yakanidondoka. Nikauliza ree kwa 4 bila turufu, akajibu 5 kopa: anazo mbili. Imekosekana moja tu, nikaruka sita.

Mpinzani wa kushoto akaanza na ree ya uru, akafuatisha mfalme wa uru. Mwenzangu alikuwa na ree za shupaza na pau, na malkia wa uru asiye na kazi. Mizunguko 11, basi. Meza ya pili walikuwa wametulia kwenye nne.

Swali la ree alilibuni Easley Blackwood mwaka 1933, na kazi yake ni kukuzuia usipande slemu mbovu. Sisi tumeligeuza leseni. Ukiwa na karata mbili ndogo za aina moja bila ree wala mfalme, usiulize idadi. Ningesema 4 pau, kuonyesha nina kizuizi huko, yaani karata ya kuwazuia wapinzani wasile mizunguko miwili ya kwanza. Mwenzangu, asiye na kizuizi cha uru, angerudi 4 shupaza, nami ningepita kimya.

Hatua ya 4: Slemu kuu iogope. Meza ya pili wakiwa sita, saba yako mkiwa hatarini inataka kama asilimia 57. Lakini wakiwa wameishia nne, sita tayari inakupa 13. Saba ikitimia unaongeza 4 tu. Ikianguka, unatoka +13 hadi −13. Hapo unahitaji karibu asilimia 87.

Maswali ya wanachama

*Mbarara: Mwalimu, nimeuliza 4 bila turufu, mpinzani akaingilia kwa 5 uru. Mwenzangu ajibu vipi?*
Kubalianeni mapema: dabo (kurudufisha mnada wa mpinzani) ni hana ree, pasi ni anayo moja, aina inayofuata ni mbili.

*Arua: Mzee, tuko nyuma IMP 20, mikono miwili imebaki. Ninadi slemu ya asilimia 35?*
Kama hizo 20 ni za kabla ya mapumziko, huenda wenzenu wameshazirudisha na wewe huna habari. Kama huna shaka mko nyuma, nadi, lakini mwambie mwenzako kwanza kwamba mtacheza kwa roho mkononi.

*Kampala: Nacheza na mama. Akisita kabla ya kusema pasi, najua kabisa ana mkono mzuri. Naruhusiwa kupanda?*
Hapana, ssebo. Unatumia alichonadi, kusita kwake hukutumii, na mwamuzi anaweza kukubadilishia matokeo. Mwombe mama anywe chai polepole kabla ya kila pasi, hata akiwa hana kitu.